Sura ya Sita: Ng'ombe, Faranga na Jina la Milima

Mwezi Desemba 2015, mawaziri wa biashara wa dunia walikutana Nairobi, kwenye jumba la KICC, kwa mkutano wa kumi wa Shirika la Biashara Duniani. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa ngazi hiyo kufanyika Afrika, na aliyeuongoza ni Amina Mohamed, waziri wa mambo ya nje wa Kenya wakati huo. Mazungumzo yalipitiliza siku ya kufunga, kama ilivyo kawaida ya mikutano hiyo. Mwishowe wakakubaliana kukomesha ruzuku ambazo serikali huwapa wanaouza nje mazao ya kilimo ili bei yao ishuke wakifika sokoni. Nchi tajiri ziliambiwa ziache papo hapo. Kwa bidhaa chache tu, vikiwemo vyakula vilivyosindikwa na vitokanavyo na maziwa, muda ulisogezwa hadi mwisho wa 2020.

Sisi huku tuliisikia habari hiyo kwa masikio ya mkulima wa pamba, na ya mfugaji anayeshindana na maziwa ya unga ya bei ya kutupa kutoka ng'ambo. Bern, mji mkuu wa Uswisi, waliisikia kwa masikio ya kiwanda cha chokoleti.

Tangu 1974 Uswisi ilikuwa na sheria yenye jina rasmi refu la kuchosha, ambayo wenyewe waliiita kwa mkato Schoggigesetz, yaani sheria ya chokoleti. Mfugaji wa Uswisi huuza maziwa kwa bei kubwa kuliko mwenzake wa Ujerumani au Ufaransa, maana gharama zake ni kubwa na ushuru wa mpakani unamkinga. Kiwanda kinachonunua maziwa hayo kikienda na bidhaa zake sokoni Berlin au Paris kinajikuta kimeshapitwa kabla hakijafungua mdomo. Basi serikali ilikuwa ikipima tofauti ya bei na kumrudishia muuzaji wa nje sehemu yake. Hivyo ndivyo chokoleti ya Uswisi, pamoja na biskuti na unga wa maziwa ya watoto, ilivyosafiri kwa zaidi ya miaka 40. Nairobi ikaukata mpango huo.

Kwa hesabu za darasani, hapo ndipo tasnia ingeanza kufa. Tazama inavyoanza tayari na mikono mitupu. Kakao haioti Uswisi, wala vanila, wala miwa. Sukari ya huko inakamuliwa kwenye biti. Nchi haina bahari. Mishahara ni miongoni mwa mikubwa kabisa Ulaya, na faranga yake ina tabia ya kupanda thamani kila dunia inapoingiwa na hofu, kwa hiyo bidhaa zake huzidi kuwa ghali kwa wageni wakati uleule ambao wageni wamebana matumizi. Hata hivyo viwanda vyake hutengeneza zaidi ya tani 200,000 za chokoleti kwa mwaka, na zaidi ya asilimia 70 ya hizo huvuka mpaka. Mteja mkubwa kuliko wote ni Ujerumani, nchi yenye viwanda vingi vya chokoleti vyake yenyewe, tena vya bei nafuu.

Wanaotaka kueleza siri ya jambo hili hukimbilia haraka kwenye uvumbuzi. Nami nitaupitia, kwa kuwa ni kisa kizuri, ingawa siamini kwamba ndilo jibu.

François-Louis Cailler alifungua kiwanda chake karibu na Vevey, kando ya Ziwa Geneva, mwaka 1819. Philippe Suchard akafuata mwaka 1826 kule Serrières, Neuchâtel. Chokoleti yao ilikuwa kavu, chungu, yenye chengachenga, na wengi waliinywa badala ya kuitafuna. Baadaye kijana mmoja mtengeneza mishumaa, Daniel Peter, alimwoa Fanny, binti wa Cailler. Mafuta ya taa yalikuwa yanaua biashara ya mishumaa, na Peter akageukia kazi ya ukweni. Aliona kwamba kitu kilichojaa nchini mwake hakikuwa kakao bali maziwa. Shida ilikuwa maji. Kakao ni mafuta. Ukiichanganya na maziwa ya kawaida hayashikani, na mche wa chokoleti unaota ukungu. Alihangaika nayo miaka mingi. Jirani yake pale Vevey alikuwa Henri Nestlé, aliyekuwa akitengeneza unga wa maziwa kwa ajili ya watoto wachanga, na mbinu za kuyaondolea maziwa maji zilikuwa gumzo la mji. Mwaka 1875 Peter akapata chokoleti ya maziwa ya kwanza, na bado ikamchukua miaka mingine zaidi ya kumi kuifikisha kwenye hali ya kuuzika vizuri.

Miaka minne baada ya 1875, huko Bern, Rodolphe Lindt aliweka chokoleti ndani ya chombo kirefu chenye umbo la kombe, na juu yake roli zito likawa linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi, kwa saa nyingi. Wapo wanaosimulia kwamba aliisahau mashine ikiwa inazunguka tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Hadithi hiyo ni tamu mno kuaminika. Lililo hakika ni matokeo: joto la msuguano lilifukuza ukali na uchachu, siagi ya kakao ikaivaa kila chembe, na kile kilichokuwa kinabanwa kwa nguvu kwenye kalibu sasa kikawa kinamiminika. Lindt aliificha mbinu hiyo hadi 1899, alipoiuza kwa familia ya Sprüngli ya Zürich kwa faranga za dhahabu milioni 1.5.

Ni kisa kizuri, nimesema. Lakini mwaka 1900 Milton Hershey alikuwa anauza chokoleti ya maziwa Marekani, na mwaka 1905 Cadbury wa Uingereza wakatoa Dairy Milk yao. Mashine ya kombe nayo ikaenea kila mahali. Uvumbuzi uliwapa Waswisi kizazi kimoja cha kutembea mbele peke yao, si zaidi. Leo anayetaka kutengeneza chokoleti laini hununua mitambo ileile kwa wauzaji walewale. Kama ubora wa mashine ndio ungeamua, chokoleti ya Uswisi ingekuwa imebaki kwenye majumba ya makumbusho.

Kilichobaki mikononi mwao ni vitu vitatu visivyobebeka kirahisi: mafundi, ng'ombe na jina. Kwa mafundi sitakaa sana. Uswisi hupeleka sehemu kubwa ya vijana wake kwenye uanagenzi, siku kadhaa kazini na siku moja au mbili darasani, kwa miaka mitatu au minne, na cheti chake kinaheshimika kwa waajiri na kwa wazazi. Kiwandani hilo linaonekana mahali ambapo mgeni hatazami: kwenye kupoza. Siagi ya kakao hujipanga kwa namna sita tofauti inapoganda, na ni moja tu inayotoa ule mng'ao na ule mlio wa kukatika. Ukikosea nyuzijoto chache, chokoleti inatoka na madoa meupe. Mtambo unaweza kuyafanya hayo siku zote bila kosa, mpaka siku malighafi inapobadilika kidogo, na siku hiyo anatakiwa mtu anayejua. Jambo jingine ni kwamba wanunuzi wa kwanza wa kila jaribio jipya ni Waswisi wenyewe, wanaokula karibu kilo 11 za chokoleti kwa mtu kwa mwaka, ingawa kiasi hicho kimekuwa kikipungua karibuni. Zaidi ya theluthi moja ya chokoleti wanayokula inatoka nje, kwa hiyo viwanda vyao havikukingiwa kifua nyumbani.

Ng'ombe na jina ni habari nzito zaidi, kwa kuwa vimefungwa kamba moja.

Tangu tarehe 1 Januari 2017, mtu hawezi kubandika bendera ya Uswisi au mlima wake kwenye chakula kwa kupenda tu. Sheria inadai kwamba asilimia 80 ya uzito wa malighafi zinazopatikana Uswisi itoke Uswisi, na kazi inayoipa bidhaa sifa yake ifanyike humo humo. Kwa maziwa kiwango ni asilimia 100. Malighafi isiyoota huko, kama kakao, haihesabiwi. Ukiipima sheria hii kwa makini utaona imekatwa kwa kipimo cha chokoleti: kakao ya Ghana inapita bila kuulizwa, maziwa ya Ujerumani yanazuiwa mlangoni.

Wenye viwanda hawakuipenda wote. Mjadala ulichukua miaka, na kampuni nyingi zilisema masharti yatawakaba. Hata hivyo mantiki yake ilikuwa ya biashara tupu. Mtu wa Tokyo au Riyadh anayelipa zaidi kwa ajili ya msalaba mweupe kwenye karatasi nyekundu anaamini analipia kitu fulani. Kampuni moja ikiutumia msalaba huo kwenye chokoleti iliyotengenezwa kwa unga wa maziwa wa bei poa, inapata faida ya haraka, na hasara inagawanywa kwa wenzake wote. Jina la nchi ni kama malisho ya kijiji. Kila mwenye mifugo anajua yataisha akiongeza ng'ombe, na kila mmoja anaongeza.

Mwaka 2023 tuliona sheria hiyo ikiuma. Toblerone, iliyobuniwa Bern mwaka 1908 na Theodor Tobler na binamu yake Emil Baumann, siku hizi ni mali ya Mondelez ya Marekani. Kampuni hiyo iliamua kuhamishia sehemu ya uzalishaji Bratislava, Slovakia. Papo hapo mlima Matterhorn ukalazimika kushuka kutoka kwenye pakiti, mahali pake ukawekwa mlima wa kuchora usio na jina, na maneno yaliyoitaja kuwa ya Uswisi yakageuzwa kusema kwamba ilianzishwa Uswisi. Hakuna aliyeizuia kampuni kwenda Bratislava. Iliambiwa tu kwamba ikienda, mlima hauondoki nayo.

Mahakama nazo zimefanya sehemu yake. Sungura wa dhahabu wa Lindt, mwenye utepe mwekundu na kengele shingoni, amepiganiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2021 mahakama ya juu ya Ujerumani ilikubali kwamba hata rangi ile ya dhahabu ni alama inayolindwa, na mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Uswisi ikawaamuru Lidl waharibu sungura wao waliofanana naye. Majaji wakaongeza, kwa ule uangalifu wa Kiswisi, kwamba kuharibu si lazima kuitupa chokoleti yenyewe, inaweza kuyeyushwa.

Turudi kwa maziwa. Sasa Uswisi ilikuwa na fundo. Sheria ya jina inasema: maziwa yote yawe ya Uswisi. Soko linasema: maziwa ya Uswisi ni ghali. Nairobi inasema: serikali isimlipe muuzaji wa nje tofauti. Na ili mwaka huo ujae vizuri, tarehe 15 Januari 2015, miezi 11 kabla ya mkutano wa Nairobi, benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuizuia faranga isipande zaidi ya kiwango cha 1.20 kwa yuro. Ndani ya saa chache kila mche wa chokoleti uliokuwa bado ghalani ulikuwa umepanda bei kwa mteja wa Ulaya bila mtu kugusa kitu.

Mwenye kiwanda alikuwa na njia tatu. Angeweza kuagiza unga wa maziwa wa Ulaya bila ushuru kwa sharti la kuusafirisha tena nje ndani ya chokoleti, njia ambayo forodha inairuhusu, lakini hapo anaivua bendera. Angeweza kupandisha bei na kuomba Mungu. Au angeweza kuhama. Wafugaji nao walijua kwamba yoyote kati ya ya kwanza na ya tatu ikishika, sehemu kubwa ya maziwa yao itakosa mnunuzi.

Suluhisho lilianza kazi tarehe 1 Januari 2019, siku ambayo malipo ya zamani yalikoma. Serikali ilichukua fedha zilezile, faranga milioni 90 na ushee kwa mwaka, ikaacha kumpa muuzaji wa nje na, kwa sehemu kubwa ya fedha hizo, ikaanza kumlipa mfugaji nyongeza kwa kila kilo ya maziwa anayouza, yaende kwenye chokoleti, jibini au chai ya mtu. Kisha wafugaji na wasindikaji, kupitia chombo chao cha sekta, wakakubaliana kuchangia mfuko wa binafsi, na mfuko huo ndio unaowapunguzia bei watengenezaji wanaouza nje bidhaa zenye maziwa ya Uswisi. Serikali haimo kwenye mfuko. Geneva, kwenye makao ya shirika la biashara, hakuna ruzuku ya kuuza nje ya kuhesabu.

Wakosoaji walisema hiyo ni fedha ileile iliyobadilishiwa njia. Hawakukosea sana. Lakini naona tofauti moja ambayo si ya makaratasi. Zamani fedha ilitoka hazina ikaenda kiwandani na mfugaji akawa mtazamaji. Siku hizi inapitia mfukoni mwa mfugaji, na yeye na wenzake wakiona viwanda vinawachezea, wanaweza kufunga mfuko. Kiwanda kinalazimika kubaki rafiki wa mtu anayekamua. Sijui tasnia nyingine ya chakula ambayo muuzaji wa malighafi ana mkono wenye nguvu kiasi hicho, na sidhani ni bahati kwamba ndiyo hiyo iliyodumu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na vitabu vingi vya uchumi vinavyopima ushindani kwa gharama. Kwa hesabu hiyo Uswisi ingekuwa imeshauriwa zamani ikate bei ya maziwa, ifungue mpaka, ilegeze masharti ya bendera. Yenyewe ilifanya kinyume. Ilichagua gharama moja isiyokatwa, ikajenga sheria, mfuko na mahakama kuizunguka, kisha ikauza hiyo gharama kama sifa. Mnunuzi haambiwi kwamba maziwa ni ghali. Anaonyeshwa ng'ombe mlimani.

Mpango huo una kasoro yake, na ilionekana wazi mwaka 2025. Tarehe 1 Agosti, sikukuu ya taifa ya Uswisi, wananchi waliamkia habari kwamba Marekani imewatwisha ushuru wa asilimia 39 kwa bidhaa zao, ulioanza kutozwa tarehe 7 mwezi huohuo. Umoja wa Ulaya ulikuwa umepewa asilimia 15. Ghafla mtengenezaji wa Ubelgiji alimzidi wa Uswisi kwa pointi 24 kabla hata bei ya kakao haijatajwa. Ilichukua hadi Novemba Waswisi kushushwa nao hadi asilimia 15.

Katika miezi hiyo nchi iligundua kwamba kampuni za Uswisi na chokoleti ya Uswisi ni watu wawili. Lindt & Sprüngli ina kiwanda Stratham, New Hampshire, na vingine Ujerumani, Ufaransa, Italia na Austria; sungura wengi wa dhahabu wanaoliwa Ujerumani wanatoka Aachen, huko huko Ujerumani, wala si Kilchberg ya Uswisi. Barry Callebaut, yenye makao Zürich na iliyozaliwa mwaka 1996 kwa kuunganisha kampuni ya Kibelgiji na ya Kifaransa, huuzia chokoleti viwanda vingine duniani kote kutoka kwenye mitambo iliyotapakaa mabara yote makubwa. Kampuni za namna hiyo ushuru unaziumiza kidogo, kisha zinahamisha zamu. Aliyeumia ni yule wa kati, mwenye kiwanda kimoja kantoni fulani na wateja Chicago, aliyetii masharti yote ya bendera. Yeye hana pa kuhamia, kwa kuwa anachouza ni kutohama kwake. Nchi inayotaka tasnia yake idumu inabidi iamue inamlinda nani kati ya hao wawili. Jibu rahisi huwa ni mkubwa, maana ndiye mwenye namba ya simu ya waziri.

Ukitaka kuona jinsi jina la mahali linavyoweza kupatikana haraka, angalia Ghuba. Mwaka 2021 kampuni moja ya Dubai iitwayo Fix ilianza kuuza mche mnene uliojazwa tambi za kunafa na pistachio. Mwishoni mwa 2023 video moja ikaenea mitandaoni, na kufikia 2024 kila duka kubwa la Ulaya lilikuwa na chokoleti yake ya Dubai, hata Lindt. Dubai haina kakao, haina malisho, na pistachio inaagiza. Mahakama za Cologne zimelazimika kuamua kama chokoleti iliyotengenezwa Uturuki inaweza kuitwa ya Dubai. Waswisi walihitaji karne moja na nusu kujenga jina. Wa Dubai, miaka mitatu. Kama litadumu bila sheria ya kulizungushia ua ni suala jingine, na dau langu ni kwamba halitadumu.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kakao ni kitu kinachojileta. Kwa miaka mingi wenye viwanda nao walifanya hivyo. Tani moja ilikuwa ikiuzwa kati ya dola 2,000 na 3,000 na watu wakaizoea bei hiyo. Mwaka 2024 ikapita dola 10,000, na Desemba mwaka huo ikavuka 12,000 kule New York, kabla ya kuanza kushuka 2025. Ghana na Côte d'Ivoire, zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, zilikuwa na mvua mbaya, miti iliyozeeka, ugonjwa wa virusi unaovimbisha matawi, na kwa Ghana wachimbaji dhahabu haramu waliogeuza mashamba kuwa mashimo ya tope. Chini ya yote hayo lilikuwepo jambo la zamani: mkulima aliyelipwa kidogo kwa miaka 30 hakupanda miti mipya. Mtu anayeuza kwa kutegemea bei ya chini ndiye aliyebanwa zaidi, kwa kuwa kakao ni sehemu kubwa ya gharama yake. Wengi walipunguza ukubwa wa mche au kuongeza mafuta mengine. Chokoleti ghali ilistahimili zaidi.

Tena zipo kanuni mpya za Umoja wa Ulaya dhidi ya uharibifu wa misitu, zilizopitishwa 2023 na kuahirishwa zaidi ya mara moja. Zinadai kila gunia la kakao lijulikane limetoka shamba gani, kwa vipimo vya ramani, na kwamba shamba hilo halikukatwa msituni baada ya 31 Desemba 2020. Uswisi si mwanachama wa Umoja huo, lakini anayetaka kuuza Berlin hawezi kuzikwepa. Hapo mnyororo unafika kwetu. Kakao ya Kyela, Tanzania, inauzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani. Ya Bundibugyo, Uganda, na ya Beni, Kongo, inakaa pande mbili za mto Semuliki, na mpaka ule watu na magunia huuvuka. Kulitenganisha gunia na gunia mahali kama hapo ni kazi ya vyama vya ushirika, simu za mkononi na watu wa kutembea shamba kwa shamba, na mtu lazima ailipie. Nchi itakayoifanya mapema itauza uhakika huo, kama Waswisi wanavyouza maziwa.

Ghana imejaribu njia ndefu zaidi. Kiwanda cha serikali cha Tema, chenye chapa ya Golden Tree, kilianza mwaka 1965, enzi za Nkrumah. Tangu 2005 nchi hiyo inaadhimisha siku yake ya chokoleti tarehe 14 Februari, ili wapendanao wale cha kwao. Hoja ya kawaida ni kwamba Ulaya inawazuia kwa ushuru. Zamani ilikuwa na ukweli mwingi. Siku hizi, kwa mkataba walio nao na Umoja wa Ulaya, chokoleti ya Ghana inaingia bila ushuru. Vizuizi vilivyobaki ni vya nyumbani zaidi: maziwa ya unga yanaagizwa, mikopo ina riba ya kuvunja mgongo, malori ya baridi ni machache, na soko la ndani ni la watu ambao chokoleti kwao bado ni anasa. Ghana ina kile ambacho Uswisi haina na inakosa karibu kila ambacho Uswisi inacho. Ushauri wa kuiga Uswisi kwa kujenga kiwanda kikubwa cha chokoleti ya maziwa unasahau kwamba Daniel Peter alianza na kitu kilichojaa kwao.

Kitu kilichojaa Ghana, mbali na mbegu, ni tunda lenyewe. Mkulima akipasua tunda la kakao hutoa mbegu pamoja na utando mweupe mtamu, na sehemu kubwa ya utando huo huvuja na kupotea wakati mbegu zinavundikwa. Mwaka 2024 watafiti wa chuo kikuu cha ETH cha Zürich, wakishirikiana na kampuni ya Koa, inayosindika utando huo Ghana, na kiwanda cha Felchlin cha Schwyz, walitangaza chokoleti ambayo utamu wake unatokana na utando huo uliochanganywa na sehemu ya ndani ya ganda, bila sukari ya unga. Hiyo ni mbinu ya Kiswisi ya kawaida: ongeza ujuzi, ongeza bei. Ila ina kipengele kisicho cha kawaida. Utando huanza kuchacha mara tunda likishapasuliwa, kwa hiyo usindikaji wa kwanza hauna budi kufanyika karibu na shamba, kwa mitambo iliyoko huko, na kwa watu waliofundishwa huko. Mbegu kavu inaweza kukaa ghalani miezi ikisubiri meli na bei. Utando hauwezi, na anayeushika saa hizo za mwanzo ana neno kwenye mazungumzo ya bei.

Ikiwa chokoleti hiyo itatoka maabara na kufika madukani kwa wingi, sheria ya bendera itapata kazi mpya. Sukari ya biti inapatikana Uswisi, kwa hiyo inahesabiwa kwenye ile asilimia 80. Utamu wa tunda la Ghana hauoti huko, kwa hiyo, kama kakao yenyewe, unapaswa kupita bila kuhesabiwa. Mfugaji hatapoteza kitu. Mkulima wa biti kule Aarberg, penye kimoja cha viwanda viwili vya sukari vya nchi hiyo, atakuwa na swali la kuuliza, na kwa jinsi Waswisi wanavyoendesha mambo yao, huenda akaanzisha mfuko.